Kutu ya kwenye maungio ya bodi: puti, kiraka, au gari liende chakavu?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga, nyumba yetu haiko mbali na bahari. Marehemu baba aliniachia Toyota Corolla ya mwaka 1993, lile toleo linaloitwa bodi 100. Injini haina shida, ni bodi tu. Milango ya mbele imefanya malengelenge chini, kizingiti cha upande wa dereva nacho hivyohivyo, na kwenye matao ya tairi za nyuma maungio yanatoa maji ya rangi ya chungwa kila mvua ikinyesha. Zulia la miguuni mwa abiria linalowa pia. Fundi wa kwanza anasema atakwangua, apige puti, ile rojo ya kujazia mabonde, na rangi, siku mbili kazi imekwisha. Wa pili anasema gari limeoza, niuze chakavu. Sitaki kuliuza. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Hilo gari nalijua. Hapa gereji kwetu Dar es Salaam zimepita Corolla bodi 100 nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na karibu zote huoza palepale ulipopataja wewe. Ila hilo zulia umeliweka mwishoni kama jambo dogo, na mimi ndilo lililonishtua kuliko malengelenge yote. Nitalifikia.

Hao mafundi wawili wanaonekana wamepingana, lakini wamefanya kosa moja. Hakuna aliyefungua kitu. Wa puti ameangalia rangi akaona kazi ya siku mbili, wa chakavu ameangalia rangi hiyohiyo akaona kifo. Kutu ya kwenye maungio huwezi kuijua kwa kuangalia rangi, kwa sababu haikuanzia kwenye rangi. Imeanzia katikati ya mabati mawili, huko ambako jicho halifiki, ikala kwa miaka, na siku inapokuja kuinua rangi ndiyo inaaga.

Nikueleze bodi ilivyoundwa, utaelewa kwa nini nasisitiza. Bodi ya Corolla ni mabati mengi membamba, mengi yana unene wa milimita 0.7 hadi 0.9 hivi, yaliyolazwa ukingo juu ya ukingo na kushikanishwa kwa umeme, pointi moja moja, kila baada ya sentimita chache. Fungua mlango, uvute kidogo ile raba inayozunguka fremu. Utaona vishimo vya mviringo vimejipanga mstari kama alama za cherehani. Hizo ndizo pointi. Kati ya pointi moja na nyingine mabati yamegusana tu, hayakuungana. Kiwandani bodi nzima huzamishwa kwenye birika la praima, ile rangi ya kwanza ya kulinda bati, na kupitishiwa umeme ili praima ishike kila pembe, lakini kwenye mwanya mwembamba kuliko karatasi haiingii sawasawa. Kwa hiyo mdomo wa maungio huzibwa kwa sila, ile gundi nzito kama raba unayoiona imepakwa kwenye kona za buti na chini ya boneti. Miaka 30 baadaye sila imekauka, imepasuka nyufa kama matope ya bwawa lililokauka, na maji yanaingia. Hayahitaji kusukumwa. Chovya ukingo tu wa andazi kwenye chai uone chai inavyopanda yenyewe. Ndivyo maji yanavyopanda kati ya mabati. Yakishaingia hayana upepo wa kuyakausha.

Na maji yenu huko yana chumvi. Ndani ya mwanya hewa ya oksijeni huisha mapema wakati nje ipo tele, na tofauti hiyo inatosha kuligeuza bati la ndani kuwa upande unaoliwa, kama inavyokuwa ndani ya betri. Chumvi huvutwa humo, maji yakageuka makali, yana asidi. Isitoshe, kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba, inasukuma mabati yaachane, mwanya unapanuka, maji mengi zaidi yanaingia. Nimeona maungio yaliyovimba mpaka pointi za kiwandani zimekatika zenyewe.

Mwaka jana tulifungua mlango wa gari lililokuwa likishinda Bagamoyo. Nje kulikuwa na lengelenge moja, ukubwa wa punje ya hindi. Mwenyewe alikuwa anadai tumkwangulie hapo tu. Nikachukua tindo nyembamba, nikainua pindo la chini, yaani pale bati la nje linapokunjwa kulifunika la ndani kama pindo la kanzu. Ikamwagika kutu ya magandamaganda, kahawia na nyeusi, ikajaa kiganja changu. Tulipopuliza kwa kompresa na kuuinua mlango kwenye jua, mwanga ukapenya kama kwenye kichujio cha nazi. Kwa lengelenge moja la punje ya hindi.

Basi kabla ya kumlipa mtu, fanya ukaguzi wako. Unahitaji bisibisi bapa ya zamani, sumaku ndogo na tochi. Sumaku ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze, kisha ipitishe taratibu chini ya milango, kwenye kizingiti na kuzunguka matao ya tairi. Ikiachia ghafla mahali, hapo pana puti nene, maana mtu aliwahi kutibu kutu hiyo kabla yako, labda hata kabla ya mzee. Kisha geuza bisibisi, gonga kwa mpini. Bati zima hulia kwa sauti kavu; lililooza linajibu kwa sauti ya kufa, kama papai bovu. Mwisho tumia ncha, sukuma kwa nguvu ya mkono bila kupiga nyundo, hasa chini kabisa ya kizingiti ambako mabati mawili au matatu yanakutana na kuning'inia kama ukingo. Ikizama usiogope kuwa umeharibu gari. Tundu lilikuwepo, wewe umelifungua tu.

Ukingo huo wa chini ndipo jeki inapokaa, na kuna sehemu mbili kila upande zilizoimarishwa kwa ajili hiyo. Lakini fundi pancha gani barabarani anazitafuta? Anasukuma jeki popote, ukingo unalala, sila inapasuka, rangi inavunjika, maji yanapata mlango. Ukipita chini ya Corolla yoyote ya umri huo utaukuta ukingo umelala kama sikio la mbwa. Ndipo kizingiti cha dereva kinapoanzia kufa, mara nyingi kabla ya hicho kingine, maana pancha za upande wa dereva ndizo zinazobadilishwa kando ya barabara kwa haraka.

Sasa zulia. Ling'oe kabisa upande wa abiria, siyo kulikunja tu. Chini yake kuna sponji nene inayohifadhi maji wiki nzima baada ya mvua kukatika, na chini ya sponji kuna maungio ya sakafu na kizingiti. Kizingiti chako kinaoza nje kwa ajili ya jeki, lakini sakafu inaweza kuwa inaoza kutokea ndani, na hapo hakuna puti ya nje itakayokusaidia. Maji yanaingiaje? Anza na mpira wa kutolea maji ya eisi, yaani kiyoyozi, kama gari lina eisi: ukiziba, maji yanamwagikia miguuni mwa abiria, na utayatambua kwa kuwa yanakuja hata siku ya jua. Kama yanakuja siku ya mvua tu, angalia raba ya kioo cha mbele, halafu vua kava la ndani la mlango. Nyuma yake kiwandani waliweka karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi inayonata. Watu wengi hawajui kazi yake. Maji yanayoshuka kwenye kioo huingia ndani ya mlango, hiyo ni kawaida kabisa, mlango umetengenezwa hivyo, na nailoni ndiyo inayoyarudisha chini yatoke kwenye matundu. Siku fundi redio alipofunga spika mpya aliichana akaitupa, au akaiacha inaning'inia. Tangu siku hiyo maji yanapita nyuma ya kava, juu ya kizingiti, mpaka kwenye sponji. Nimeshatengeneza sakafu kadhaa zilizouawa na spika. Nailoni nene ya duka la vifaa vya ujenzi na gundi ya kunata inatosha kuirudisha.

Usiache kupapasa chini ya mlango wenyewe. Kuna matundu madogo marefu ya kutolea maji, mawili au matatu. Yakiwa yamezibwa na tope, mlango unageuka kuwa ndoo. Yazibue kwa kipande cha waya laini ukiwa umevaa miwani, maana vitakavyotoka humo si maji tu.

Ukishajua hali, tuamue. Nitaanza na matao ya nyuma kwa sababu maelezo yako yananipa matumaini hapo. Maji ya chungwa yanayotiririka maana yake kutu ipo hai kwenye maungio, lakini hujasema kuna tundu wala bati lililoinuka. Kama bisibisi haizami, hapo hapahitaji kukatwa. Pakwanguliwe sila yote ya zamani, yote, kwa kikwangulio na hewa ya moto, siyo mwali wa gesi unaounguza rangi na kuacha masizi. Isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka bati lionekane jeupe, na mwanya usafishwe kwa msumeno mwembamba au waya, kisha upulizwe kwa kompresa. Vishimo vyeusi vitakavyobaki vipakwe dawa ya kutu. Dawa hizo nyingi ni za aina mbili: zenye asidi ya fosfori, zinazoigeuza kutu kuwa fosfeti ngumu, na zenye tanini, zinazoiacha nyeusi kama wino. Tanini ni maji yaleyale ya magome ya mikoko ambayo pwani yetu iliwahi kuyauza ng'ambo kwa ajili ya kutengeneza ngozi za wanyama, kwa hiyo usiambiwe kuwa ni uchawi wa kopo. Hufanya kazi kwa kutu inayoifikia. Ukiimwaga juu ya maganda manene inageuza ganda la juu tu, chini mambo yanaendelea. Na ile ya fosfori isuuzwe na ikaushwe kama kopo linavyoelekeza. Fundi mwenye haraka hupaka praima juu ya asidi mbichi, halafu anashangaa rangi ikibambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Baada ya hapo mpangilio ni huu na haubadilishwi: praima ya epoksi ya kuchanganya, ile ya makopo mawili, juu ya bati safi; ikishashika, sila; juu ya sila, rangi. Fundi wengi hupaka sila moja kwa moja kwenye bati tupu kisha praima juu, kwa sababu sila inaonekana kama ndiyo inayozuia maji. Lakini sila inashika kwenye praima vizuri zaidi kuliko kwenye bati, na siku itakapoachia ukingo mmoja, epoksi ndiyo itakayobaki inalinda. Waambie pia wasizibe matundu ya maji kwa bidii yao.

Na sila iwe ya magari, ya poliyurethani. Fundi akija na silikoni ya bafuni, inuse. Ikinuka siki, mrudishie. Harufu hiyo ni ya asidi inayotoka silikoni inapokauka, nayo inalisha kutu, halafu rangi haishiki juu yake hata umlipe fundi rangi mara tatu.

Jambo la hali ya hewa: bati lililokwanguliwa pwani halilali wazi usiku. Asubuhi utalikuta limepiga vumbi la chungwa. Tulikuwa na kijana anajifunza kazi, mchapakazi, alisafisha bati vizuri jioni nikamsifu. Alipokuwa anainuka akaegemea kwa mkono uliotoka jasho. Wiki mbili baada ya gari kupakwa rangi, kiganja chake kilikuwa kinasomeka chini ya praima, vidole vyote vitano. Tukarudia paneli nzima kwa gharama yetu. Kwa hiyo kazi ifanyike kipindi cha kaskazi, kabla masika haijafungua mwezi wa tatu, ianze asubuhi jua likishakausha, na kilichosafishwa leo kipate epoksi leo.

Milango. Kama pindo limevimba sehemu fupi, urefu wa kiganja hivi, linaweza kuinuliwa, kusafishwa pande zote mbili, kupigwa epoksi na kukunjwa tena, na kipande kilichooza kikakatwa na kubadilishwa. Lakini kama limeliwa kutoka bawaba mpaka kitasa, mimi kwa uzoefu wangu sitakushauri kulishona. Kazi yake ni ya saa nyingi, na ukilipa saa hizo kwa haki utakuwa umenunua mlango. Milango ya mtumba ya bodi 100 bado ipo madukani kwa wauza vipuri. Nenda na kucha zako: pitisha ukucha ndani ya pindo la chini kwa urefu wote, ukikwama kwenye uvimbe rudisha mlango, hata kama rangi ni ileile ya gari lako na muuzaji anaapa kwa jina la Mungu. Magari mengi yaliyokuja huku yalitembea kwanza miji ya kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, kwa hiyo mlango unaweza kushuka bandarini ukiwa umeshaanza kuliwa.

Kizingiti sasa, na hapa nataka uwe mkali. Corolla haina chasisi, yaani fremu nzito ya chuma ya chini, kama lori. Kizingiti ni boksi la bati linaloshika mbele na nyuma ya gari, na gari likigongwa ubavuni boksi hilo ndilo linalokulinda wewe na wagonjwa wako unaowapa lifti. Puti haina nguvu yoyote ya kubeba. Ni gundi ya poliesta iliyochanganywa na unga wa talki, imetengenezwa kujaza mabonde madogo juu ya bati zima lililokwisha kupata praima. Juu ya kutu inanyonya unyevu kama mkate na kuushikilia palepale. Kwa hiyo fundi wa siku mbili atakukabidhi gari linalong'aa, na masika ya pili utaona malengelenge mapya yametoka pembeni ya yale ya zamani.

Kama bisibisi imezama kwenye kizingiti, hapo hukatwa. Bati linakatwa mpaka kwenye chuma cheupe, sentimita mbili tatu kupita pale kutu inapoishia kuonekana, na pembe za tundu ziviringwe zisiwe kali, maana kona kali ndipo ufa unapoanzia. Ndani ya boksi pataonekana. Hapo ndipo utajua kama bati la kati nalo limekwenda. Pointi za kiwandani zinazotakiwa kufunguliwa zitobolewe kwa keekee ya milimita 8, bati la juu tu, la chini libaki zima. Pande zote mbili za maungio zisafishwe, zipigwe praima ya zinki inayostahimili kuchomelewa, zibanwe kwa vaisgripu, yaani koleo za kubana, kisha matundu yajazwe moja moja kwa MIG, mashine ya kuchomelea kwa umeme yenye waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8.

Kiraka kiwe cha bati jeusi la geji 18 kwa kizingiti, geji 20 kwa ganda la nje. Siyo mabati ya kuezekea. Nimekuta magari yamewekwa viraka vya bati la nyumba, jembamba kama kifuniko cha sufuria, na zinki yake ikichomwa inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa usiku. Kama kuna zinki inayochomwa, mlango wa gereji uwe wazi na fundi avae barakoa ya maana.

Na kiraka kikae vipi? Swali hili muulize kabla hujakubaliana bei, jibu lake litakuonyesha fundi uliyempata. Fundi wengi hukilaza juu ya tundu, wakachomelea pembeni. Kwa nje kinaonekana imara. Lakini ukilaza bati juu ya bati umetengeneza nini? Maungio mapya, na safari hii bila birika la praima la kiwandani. Ukingo wa bati la zamani umebaki ndani, umeungua rangi, haufikiki. Kikatwe kiingie ndani ya tundu, ncha iguse ncha, na kichomelewe kwa kudonoa: nukta hapa, nukta kule, ngoja kipoe, urudi. Ukivuta mstari mrefu kwa mara moja bati linajipinda kama karatasi iliyopata moto. Pale ambapo lazima kilazwe, mdomo wa ndani na wa nje vyote vizibwe kwa epoksi na sila.

Mimi nilifundishwa kwa gesi, mwali na waya, kwenye Peugeot 504, na siwezi kuwacheka wanaoitumia bado. Ila ukweli ni kwamba mwali wa gesi unapasha eneo kubwa, unaunguza ulinzi wote wa nyuma ya bati ambako huwezi kupaka tena kwa brashi, na bati jembamba linacheza. Wengine huunga kwa fimbo ya shaba ya njano na unga wa boraksi, kwa kuwa inayeyuka upesi. Unga ule ukibaki rangi haishiki, na shaba ikikutana na chuma na maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Tafuta fundi mwenye MIG hata kama ni mtaa wa pili.

Wasikate vizingiti vya pande zote mbili kwa pamoja. Gari lisimame sawa juu ya stendi, siyo jeki, na kama kipande kinachotolewa ni kirefu, bomba la chuma lichomelewe kwa muda katikati ya fremu ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya kati, kabla ya kukata. Kipimo chako wewe usiye fundi ni mlango wenyewe. Kabla ya kazi angalia mwanya kati ya mlango na bodi, piga picha. Baada ya kazi ufunge kwa kidole kimoja. Ukihitaji kusukumwa kwa nyonga, kizingiti kimechomelewa kikiwa kimepinda.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, betri ifunguliwe, sponji na zulia vitoke, kiti kitoke, na mtu asimame na ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto. Bomba la petroli la gari hilo linapita chini ya sakafu kuja mbele. Na bati lisisafishwe kwa dawa ya kusafishia breki kisha likachomelewa papo hapo. Zile zenye klorini zikipata moto na mwanga wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoua mapafu. Wewe muuguzi, mimi sina haja ya kukueleza hilo zaidi.

Kazi ikishaisha na rangi kukauka, ndani ya kizingiti bado ni bati lililoungua na halina kitu. Hapa ndipo karibu kila gereji inapoishia, na ndiyo sababu kazi nzuri ya kuchomelea hurudi baada ya miaka mitatu. Inunuliwe nta ya kupuliza kwenye mashimo ya bodi, yenye mpira mrefu, ipulizwe kupitia matundu ya kizingiti na ya milango mpaka ionekane inadondoka upande wa pili. Ukiikosa Tanga, mafuta mapya ya gia mazito yanasaidia, kwa kuwa yanapenya kwenye mwanya kwa njia ileile maji yaliyopenyea. Usikubali oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ina asidi na maji ndani yake, na ikichuruzika kwenye bushi za raba za miguu ya gari inazilainisha zikaoza. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Na kama maji ya kuoshea gari ni ya kisima chenye chumvi, bora liwe na vumbi.

Bei sitakutajia, kwa sababu sijaona kilicho chini ya zulia lako, na fundi anayetaja bei kabla ya hapo anabahatisha pesa yako. Mkubaliane kwa hatua: kwanza alipwe kufungua na kukwangua tu, uje uone kwa macho, mpige picha, ndipo mpatane kuhusu kukata. Kama sakafu ya abiria bisibisi inazama karibu na pale mguu wa mbele wa gari unapofungwa, au kama nguzo ya mlango imeliwa kwenye bawaba, nitakuwa upande wa yule fundi wa chakavu, na nitakuambia bila kuzunguka. Lakini gari ambalo maungio yake ya nyuma bado yanatoa maji ya chungwa tu, na milango yake inafunga, kwa kawaida lina chuma cha kutosha.

Jumamosi ukiwa huna zamu, anza na zulia. Litoe juani, uende na tochi kwenye kona ya mbele kabisa, pale sakafu inapopanda kukutana na ukuta wa injini, ukachokonoe hapo kwanza, kisha uniandikie bisibisi imeingia au imegoma.